Bawa Lichunguzwe Likiwa Limepinda

Wengi wanaoanza kazi ya kusanifu mabawa ya ndege huamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba bawa lenye uimara wa kutosha haliwezi kuvunjika. Kumbe bawa linaweza kumudu mzigo wote uliokadiriwa na bado likaangamia kwa sababu ya namna linavyopinda na kusokoteka. Hewa hulisukuma bawa, bawa hubadilika umbo, na umbo hilo jipya huibadilisha nguvu ileile ya hewa. Kasi ikifika kiwango fulani, kupinda na kusokoteka huweza kushikana hata bawa likawa linachota nishati kutoka kwenye hewa kila linapotetemeka. Hali hiyo ndiyo flata, na huweza kulivunja bawa kwa sekunde chache.

Katika kazi yangu ya kwanza nilikokotoa frikwensi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, za bawa refu, jembamba, likiwa limenyooka kana kwamba limelazwa mezani, nikaridhika kwa kuwa frikwensi ya kupinda na ile ya kusokoteka zilikuwa mbali, hivyo nikadhani haziwezi kushikana. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: likiwa angani limebeba ndege, bawa hili lina umbo gani? Nilipokokotoa upya likiwa limepinda, kusokoteka kulikuwa kumechanganyika na mtetemo wa kwenda mbele na nyuma, na kasi ya kuanza kwa flata ilikuwa imeshuka sana.

Ninawasihi mlisome kwa makini tukio la Helios, ndege ya NASA, shirika la anga la Marekani, isiyo na rubani ndani yake, yenye bawa la takribani mita 75. Mwaka 2001 ilipanda hadi zaidi ya mita 29,000. Baadaye ilibadilishwa ili ibebe mtambo wa kuzalisha umeme kwa hidrojeni, na uzito ambao awali ulienea bawani ukakusanyika katika sehemu chache. Tarehe 26 Juni 2003, karibu na kisiwa cha Kauai, Hawaii, ilikutana na msukosuko wa hewa, ncha za bawa zikainuka kupita kiasi na kubaki juu, na ndege ikaanza kuyumba pua juu na chini kwa mwendo uliozidi kukua. Kasi ikapita kikomo chake, ngozi ya bawa ikachanika, na ndege ikaanguka baharini. Kwangu mimi jambo zito zaidi ni kwamba mbinu za ukokotoaji zilizotumika hazikuonyesha jinsi mabadiliko yale ya uzito yalivyoisogeza ndege karibu na hatari.

Kwa hiyo kila uzito unaohamishwa, hata mdogo, hesabu irudiwe. Eleroni, yaani kipande chenye bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, ikipakwa rangi upya hukaguliwa tena mizani yake, kwa sababu rangi huongeza uzito nyuma ya bawaba.

Kanuni za ndege kubwa za abiria hudai pasiwe na flata hata kasi ikizidi ile ya juu kabisa ya usanifu kwa asilimia 15. Msiitegemee nafasi hiyo kufunika hesabu dhaifu. Katika majaribio ya angani ongezeni kasi kidogo kidogo, na katika kila hatua pimeni mtetemo unavyofifia kabla ya kuruhusu hatua inayofuata, kwani kufifia huko huweza kupungua taratibu kwa muda mrefu, kisha kukatoweka ghafla kati ya vipimo viwili.