Kisa kitamu kusoma, kigumu kuchezesha: maswali yenu kuhusu uhakiki

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanahusu Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa kutisha uliobuniwa na Sandy Petersen na kutolewa na kampuni ya Chaosium ya Marekani mwaka 1981, ukifuata hadithi za H. P. Lovecraft. Kwa asiyeujua: mtu mmoja, mwendeshaji, ndiye anayejua siri ya kisa, yaani hadithi iliyoandikwa ili ichezwe. Wengine ni wapelelezi, mara nyingi raia wa kawaida wa miaka ya 1920. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu mbili za pande kumi zinazosomwa kama asilimia, kwa hiyo mwenye ustadi wa 40 hufaulu akitupa 40 au chini yake.

Mhariri, nimesoma kisa kipya mara mbili na ningependa kukihakiki, ila kwa sasa sina kikundi cha kucheza nacho. Si nitakuwa nawadanganya wasomaji? (Msomaji, Morogoro)

Humdanganyi mtu ukisema katika aya ya kwanza kwamba umekisoma tu. Uongo ni kuandika "wachezaji watafurahi" wakati hujamwona mchezaji hata mmoja akikicheza. Lakini kisa kinafichua mengi kwa msomaji mwenye kalamu mkononi.

Chukua karatasi, uandike kila mahali wapelelezi wanapoweza kwenda. Chora mshale kwa kila dokezo linalowatoa mahali pamoja na kuwapeleka pengine, na juu ya mshale andika dokezo linapatikanaje: bure, kwa kumhoji mtu, au kwa dadu. Ukiona mahali muhimu panapoingiwa na mshale mmoja tu, na mshale huo ni wa dadu, hapo kisa kitakwama. Piga hesabu. Ustadi wa kuona kilichofichwa huanzia 25 kwa mtu ambaye hakuuongezea pointi. Wapelelezi wanne wa aina hiyo wakijaribu wote, uwezekano wa wote kushindwa ni 0.75 mara nne kwa kuzidishana, yaani asilimia 32. Karibu kikundi kimoja kati ya vitatu kitaishia pale chumbani kikitazamana. Na kisa chenye madokezo manne ya lazima, kila moja likiwa na asilimia 70 ya kupatikana, hufika mwisho mara 24 tu kati ya 100 iwapo mwendeshaji hatawanong'oneza.

Toleo la saba, la mwaka 2014, linamruhusu mchezaji kusukuma bahati: anabadili mbinu, anatupa tena, na akishindwa mara ya pili mwendeshaji anampa balaa. Angalia kama mtunzi ameandika balaa hilo ni lipi. Akikaa kimya, sema, kwa sababu hiyo ni kazi aliyomwachia mwendeshaji aibuni papo hapo saa nne usiku.

Ukitaka kipimo cha kulinganishia, tumia The Haunting, kisa kilichokuwepo tangu toleo la kwanza na ambacho waendeshaji wengi huanzia hapo. Mwenye nyumba mmoja wa Boston anawakodi wapelelezi wachunguze nyumba ambayo wapangaji hawadumu. Wanaweza kwanza kwenda kwenye gazeti, maktaba na ofisi za kumbukumbu. Wakikosa yote hayo, ufunguo wa nyumba bado wanao mfukoni. Dadu mbaya inawanyima maarifa, na watayajutia wakifika ghorofani, lakini haiwafungii mlango. Linganisha mpangilio huo na mishale yako.

Kisha jumlisha utimamu. Kila mpelelezi huanza na pointi za utimamu wa akili zinazolingana na nguvu za nafsi yake; tuseme 50. Kitisho huandikwa kama 1/1D6: akifaulu dadu anapoteza 1, akishindwa anatupa dadu ya pande sita na kupoteza kiasi hicho. Kwa mtu wa 50, wastani ni nusu ya 1 na nusu ya 3.5, yaani 2.25. Kitisho cha 0/1D4 kina wastani wa 1.25, na cha 1/1D8 ni 2.75. Kisa chenye vitisho viwili vya 0/1D4, vitatu vya 1/1D6 na kimoja cha 1/1D8 kitamla mpelelezi pointi 12 hivi. Kwa jioni moja hiyo ni sawa. Kwa mfululizo wa visa vinane vya namna hiyo, hakuna atakayefika cha tano na akili zake, isipokuwa zawadi za mwisho wa kila kisa zirudishe kitu. Kwa hiyo tazama zawadi: 1D6 hurudisha wastani wa 3.5 tu.

Wahakiki wengi hawaangalii kizingiti cha 5. Anayepoteza pointi 5 au zaidi kwa mkupuo mmoja hupimwa akili, na akielewa alichokiona, anarukwa na akili kwa muda. (Ndiyo: anayefaulu kipimo hicho ndiye anayeumia.) Kwa kitisho cha 1/1D6 na watu wanne wa 50, uwezekano wa angalau mmoja kugusa kizingiti ni asilimia 52. Kwa 1/1D8 ni 68. Mtunzi aliyeweka 1/1D8 kwenye tukio la pili, dakika ishirini baada ya kuanza, lazima uulize alikuwa anatarajia nini.

Nina kisa cha miaka ya 1980. Namba zake ni ndogo sana, mtu mwenye nguvu ana 13. Nikihakiki niseme kimechakaa? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, ni vipimo tu vilivyobadilika. Kabla ya toleo la saba, sifa za mwili na akili zilitolewa kwa dadu chache za pande sita. Zizidishe kwa 5: nguvu 13 inakuwa 65. Stadi ziache kama zilivyo, zilikuwa asilimia tangu zamani.

Watu huharibu kwenye uhai. Zamani uhai ulikuwa wastani wa siha na ukubwa wa mwili: 12 na 14 ni 26, nusu yake 13. Sasa ni 60 na 70, jumla 130, gawanya kwa 10, bado 13. Uhai hauzidishwi. Anayeuzidisha anapata zimwi la uhai 65 ambalo hakuna bunduki itakayolimaliza, kisha anaandika kwamba kisa ni cha kikatili. Pointi za uchawi nazo hazibadiliki. Lile jedwali la zamani la kupimana nguvu limeondolewa. Pande mbili zinatupa dadu na kulinganisha nani amefaulu zaidi. Mtafsiri wa namba anayejua hayo hutumia kama nusu saa kwa kisa kifupi. Andika hivyo, msomaji ajue gharama.

Vipo vitabu vya mchezo huu vinavyotumia Kenya ya kikoloni. Sisi tulioko huku tuvihakiki vipi bila kuonekana tunatetea nyumbani? (Msomaji, Nairobi)

Maarufu zaidi ni Masks of Nyarlathotep, mfululizo wa Larry DiTillio na Lynn Willis wa mwaka 1984, uliotolewa upya 2018. Wapelelezi wanafuata nyayo za msafara wa tajiri Roger Carlyle uliopotelea Kenya mwaka 1919, na mwaka 1925 wanapita New York, London, Cairo, Nairobi na Shanghai. Mwaka 2007 Chaosium ilitoa pia Secrets of Kenya ya David Conyers. Mna faida hapa ambayo mhakiki wa Chicago hana, itumieni kwa vitu vinavyopimika.

Anza na pesa na majina ya nchi. Mwaka 1919 palikuwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza na watu walilipana kwa rupia; Koloni la Kenya ni la 1920, mwaka huo huo ikaja florini, na kufikia 1922 watu walikuwa wanatumia shilingi. Karatasi ya kuwapa wachezaji yenye tarehe ya 1919 na bei ya shilingi ni kosa la wazi.

Kisha kipande, yaani kitambulisho cha wakati ule. Katika miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea nacho, kwenye kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, na kukikosa ni kukamatwa. Kitabu kikiruhusu mchezaji awe Mkikuyu au Mjaluo, kinasema nini askari akimsimamisha stesheni ya Nairobi? Jibu la swali hilo linaonyesha kama mtunzi aliwaza mpelelezi mweusi au wazungu wenye mizigo ya kubebewa tu.

Watu halisi pia. Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye ndiye Jomo Kenyatta, anaonekana katika Masks. Mwaka 1925 alikuwa anafanya kazi idara ya maji ya manispaa ya Nairobi. Ukatibu wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu, ulikuja 1928. Tazameni kitabu kinampa uzito gani kwa mwaka ule.

Majina yanahitaji sikio. Kuhani mkuu wa kike wa Masks anaitwa M'Weru. Apostrofi ile inafanana na majina ya Kimeru, ila kwa Wameru M' kwa kawaida hutangulia jina la mwanamume: M'Ikiara, M'Inoti. Jambo dogo, lakini mchezaji wa mji wa Maua, huko Meru, atacheka mahali ambapo mtunzi alitaka aogope.

Lililo zito zaidi ni kuchanganya mganga na mchawi. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka huo huo wa 1925, na haikuwatenganisha vizuri. Kwetu mganga anatibu na kuagua, mchawi anadhuru, na mtu mmoja kutuhumiwa kuwa yote mawili ni kisa tosha. Kitabu kinachowaita wote kwa jina moja kinapoteza hofu ya kweli iliyokuwepo pale na kubaki na ngoma za porini. Hiyo ni hoja ya ufundi, na mkiiandika hivyo hakuna atakayesema mnatetea nyumbani.

Riwaya zinazotokana na michezo hii zihakikiwe kama fasihi au kama vifaa vya mchezo? (Msomaji, Dodoma)

Yote mawili, na mwambie msomaji lini umebadilisha miwani. Kama fasihi, mpe mtu asiyejua mchezo sura ya kwanza. Akihitaji maelezo yako kufika mwisho wa sura, riwaya imeegemea kitabu cha kanuni. Tazama pia mapigano. Ukiona kila mtu anafanya tendo moja, kisha zamu inahamia kwa mwingine, dadu zinasikika nyuma ya maandishi.

Kama kifaa, uliza riwaya inamfungia nini mwendeshaji. Mfano mzuri uko nje ya Call of Cthulhu. Strahd von Zarovich, mtawala mnyonya damu, alizaliwa katika Ravenloft, kisa cha mchezo wa Dungeons & Dragons cha Tracy na Laura Hickman, mwaka 1983. Humo mwendeshaji anapiga karata, na karata ndizo zinazoamua Strahd anataka nini safari hii na vitu muhimu vimefichwa wapi, kwa hiyo kisa kinachezeka tena na tena. Mwaka 1993 ikatoka I, Strahd ya P. N. Elrod, ambamo mnyonya damu huyo anasimulia maisha yake mwenyewe. Sasa ana sababu moja, ya kudumu. Mchezaji aliyesoma riwaya anafika mezani akijua moyo wa adui. Riwaya inaweza kuwa nzuri, na bado mhakiki amwambie mwendeshaji kwamba itampunguzia karata.

Nitoe nyota ngapi? (Msomaji, Tanga)

Usitoe jumla moja. Kitabu chenye ramani nzuri na kisa kinachokwama kikipewa tatu, na chenye kisa kizuri na ramani mbovu kikipewa tatu, umemwambia nini mnunuzi? Mhariri wako akilazimisha, toa mbili: ya kusoma na ya kuchezesha. Na kama nakala ulipewa bure na mchapishaji, litaje juu kabisa, kabla ya nyota.

Nihakiki vipi bila kufichua siri? (Msomaji, Mombasa)

Gawa makala. Juu weka ya wote: mahali, mwaka, idadi ya wachezaji, vikao vingapi, kazi zipi hazitakuwa na la kufanya (daktari katika kisa kisicho na majeruhi anakaa tu), na mambo mazito kama madhara kwa watoto. Chini weka ya waendeshaji peke yao. Jina la adui lisiingie kwenye kichwa cha habari wala chini ya picha, maana hapo ndipo jicho linapotua kwanza.

Wachezaji wangu Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Mhakiki anaweza kunisaidia nijue kama karatasi za kugawa zinatafsirika? (Msomaji, Bujumbura)

Anapaswa. Kwanza ahesabu maneno. Barua ya maneno 250 ikisomwa kwa sauti ni kama dakika mbili. Ya 800 wachezaji watashika simu. Pili, aseme dokezo liko wapi. Likiwa kwenye tarehe au ramani, tafsiri haina shida. Likiwa kwenye herufi za kwanza za mistari au kwenye jina lililopinduliwa, itabidi ulitunge upya kwa Kiswahili, nalo ni suala la jioni nzima.

Mtego mkubwa ni jinsia. Shajara ya Kiingereza inaandika *she came again at midnight*, na wapelelezi wanajua wanamtafuta mwanamke. Ukitafsiri, unapata "alikuja tena usiku wa manane", na dokezo limeyeyuka. Ongeza kitu kinachoshikika, kanga iliyodondoka ngazini au sauti ya bangili. Ila ikiwa mtunzi wa Kiingereza amehangaika kurasa tatu kuficha kama muuaji ni mume au mke, wewe huna kazi: a- imekwisha kumficha.