Unaandaa siku ya waandishi kujaribu gemu Dubai? Usiiamini waifai ya hoteli

Mkuu acha kwanza. Nimesoma kwenye metro bandiko lako la kuomba ushauri wa siku ya waandishi kujaribu gemu, nilipofika pale ulipoandika waandishi 30, gemu la wanne kwa wanne, hoteli ya nyota tano, na "intaneti hoteli wamesema ipo", nimepitiliza kituo changu pale Union.

2019 nilikuwa upande wa mitambo kwenye shughuli hiyohiyo, hoteli moja kule Palm Jumeirah. Konsoli 16 (zile mashine za kuchezea gemu), waandishi wa Saudia, Kuwait, Ufaransa na Ujerumani, tiketi na vyumba kalipa mwenye gemu. Mtu wa mauzo wa hoteli nilimuuliza mara mbili kuhusu mtandao, akaniapia kwamba mle wamefanya harusi za watu 800 na hakuna aliyelalamika. Harusi jamani! Harusini watu wanatuma picha. Kwa gemu lile konsoli 8 zikitaka kucheza mechi moja lazima zionane kwenye mtandao, na waifai ya hoteli mara nyingi imewekwa makusudi vifaa visionane, ili mgeni wa chumba hiki asichungulie laptop ya jirani. Kwa mgeni ni ulinzi, kwako wewe ni msiba.

Hilo tumeligundua Ijumaa usiku, shughuli Jumamosi saa nne asubuhi. Na enzi hizo wikiendi ya Emirati ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, imekuja kubadilishwa Januari 2022, kwa hiyo fundi wa IT mwenye nywila yuko kwake Sharjah simu imezimwa, na kijana wa zamu kazi yake ni kuzima ruta na kuiwasha. Mtandao unataka namba ya chumba na jina la mgeni, kila chumba vifaa vinne tu, tukaanza kuazima namba za vyumba vya wenzetu. Zikaingia zote, kuangalia zinasoma NAT aina ya 3, yaani intaneti unayo ila wenzako wa kucheza nao huwapati.

Saa sita usiku studio, yaani waliotengeneza gemu, wakatuma toleo jipya la gemu, GB 60. Piga hesabu: 60 mara 16 ni GB 960, laini ya Mbps 50 hata ukiachiwa peke yako ni karibu masaa 43. Sisi tulikuwa na kumi. Mtaalamu wao yuko Ulaya anatupigia WhatsApp, haiiti, maana Emirati simu za WhatsApp zimefungwa na hakuna aliyemwambia atafute njia nyingine, dakika 40 zikaishia hapo.

Asubuhi waandishi wakakaa wakacheza sehemu ya mafunzo, ile ya mtu mmoja ya kujifunza kuruka na kulenga, lisaa limoja na nusu. Mechi yenyewe hawakuigusa. Jioni wakaandika seva za gemu ni mbovu. Seva zilikuwa nzima kabisa! Kuna kijana wa studio nilimkuta nyuma ya pazia analia, kazi yake ya miaka mitatu, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika upya. Kampuni yetu ilikatwa dirham 90,000, na hoteli bado wakaleta bili ya intaneti, na yule wa mauzo akatuma salamu za kutushukuru.

Kwa hiyo usisaini ukumbi kabla hujacheza mechi nzima mlemle ukumbini, kwa konsoli zako, kwa waya. Sio waifai, waya. Beba swichi ya mtandao (kile kisanduku cha kuchomekea waya nyingi) na ruta yako. Waandikie kwenye mkataba laini ya peke yenu isiyopita kwenye ukurasa wa kuingia wa wageni, na spidi ya kupakia pia, sio ya kushusha tu. Jengo wameunganisha e& (zamani Etisalat) au du, zile kampuni za simu na intaneti za kule, hilo uliza mapema kwa sababu laini ya muda haivutwi kwa siku moja. Toleo jipya likija shusha mara moja tu, weka kwenye diski, mkapachike konsoli moja moja. Na fundi wao wa IT, mwenyewe sio msaidizi, awepo siku ya kujaribu na siku ya shughuli, jina lake liwe kwenye mkataba. Wakikuambia ukumbi una harusi hamuwezi kujaribu, achana nao hata kama dari lao lina dhahabu.

Uliuliza pia zawadi, chakula, sijui na nini. Safari ya jangwani iwe baada ya gemu, ukiwapeleka kabla wanarudi wamechoka na mchanga viatuni. Mengine wadau watakusaidia. Ila advansi usitume leo. Wapigie hoteli sasa hivi uwaulize habari ya waya, halafu rudi hapa utuambie wamejibu nini.