Shangazi, siku zangu zote zimekuwa Jumatatu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, na ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sina tatizo la kueleweka, ndiyo maana naona hata aibu kuandika. Mume wangu ni fundi umeme, hanipigi wala halewi, na siku nyingi hufika nyumbani kabla yangu. Watoto hawaumwi, mkubwa ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Lakini naamka saa 11 alfajiri, nabandika uji, napiga pasi sare tatu, naosha vyombo vya usiku, nafunga vyakula vya watoto, nadandia daladala, nasimama kaunta mpaka saa 11 jioni, napitia sokoni, napika, nafua, nakagua madaftari, nalala. Kesho vilevile. Zamani nilipenda kupika mtori. Siku hizi nikiona ndizi nachoka kabla sijashika kisu. Hata mlima siuoni tena, na uko pale pale. Nakula na kulala vizuri, silii, ila sifurahii kitu. Rafiki yangu ananishauri tukivunja kikoba Desemba niende Zanzibar siku tano nikajipumzishe. Niende? Au kuna namna ya kuyafurahia haya haya niliyo nayo?*

*Mama Watatu, Pasua*

Marahaba mwanangu. Aibu iweke pembeni. Barua za waliofumaniwa na waliodhulumiwa viwanja huwa nazijibu kabla chai haijapoa. Yako imenikalisha siku mbili.

Nikutoe hofu mapema: sitakuambia ushukuru. Najua wapo wanaokuambia wenzako hawana kazi, wenzako hawana hata mume. Mtu aliyesimama tangu alfajiri hana haja ya kukumbushwa wasio na miguu. Apewe kiti.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Kaunta sikuihesabu, wala daladala. Nabandika, napiga pasi, naosha, nafunga, napitia sokoni, napika, nafua, nakagua. Kazi nane za nyumbani, na zote nane zinaanza na "na". Nimetafuta "tu" ya sisi barua nzima sikuiona hata moja, isipokuwa pale kwenye kikoba, na kile ni cha wewe na wenzako. Umeniambia mumeo hufika nyumbani kabla yako. Hukuniambia akishafika anafanya nini.

Basi mimi siamini kwamba umechoshwa na kazi kwa kuwa ni ndogo au ni zile zile. Bibi zetu wa Kibosho na Old Moshi walikuwa wakishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, wanapanda nayo kichwani, kilima baada ya kilima, leo na kesho na mtondo. Ilikuwa kazi ya kuvunja shingo, mtu asije akaisifia mbele yangu. Ila hawakushuka mmoja mmoja. Ukiwakuta njiani ulisikia vicheko kabla hujaona mizigo. Wewe mzigo wako ni mwepesi kuliko wao, na unaubeba kimya kimya, peke yako, ndani ya nyumba yenye watu watano.

Nikupe la kwangu. Binti yangu alipokuwa na miaka 15 alikuwa haongei. Shule vipi? Poa. Umekula? Ndiyo. Basi. Lakini jioni tukikaa barazani, ungo wa mchele katikati yetu, vichwa vimeinama, vidole vinasukuma punje upande huu na vijiwe upande ule, maneno yalimtoka yenyewe. Nadhani ni kwa sababu hatukuwa tunatazamana usoni. Mwalimu aliyemwonea, rafiki aliyechukua daftari lake akakana, mvulana fulani wa kidato cha nne. Yote niliyasikia juu ya ungo. Kisha nikapata visenti, nikaanza kununua mchele wa paketi, uliochambuliwa kabisa, wa kuosha na kubandika. Nikajipongeza nimeokoa dakika 20. Ilinichukua miezi kugundua kwamba nyumba imenyamaza. Jumamosi moja nikarudi soko la Mbuyuni kwa mama niliyezoea kununua kwake, nikamwambia anipimie ule wa bei ya chini, wenye mawe. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mama, mmefilisika?"

Sikufilisika. Nilichotaka ni mawe.

Sikwambii nawe ukanunue mchele wenye mawe. Nakuambia uangalie ni kazi gani kati ya hizo nane ina nafasi ya mikono minne, uache kuifanya na miwili. Na nyingine uiachie kabisa. Mtoto wa miaka 14 anapigiwaje shati pasi na mama yake? Mwonyeshe Jumapili mchana, taratibu: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mgongo mwishoni. Sare tatu zinapigwa pasi jioni, si saa 11 alfajiri. Vyombo vya usiku vioshwe usiku, na mwoshaji awe yule aliyefika nyumbani mapema. Ila usimwambie "nisaidie". Anayesaidia ni mgeni; akichoka anaaga. Mwambie "uji wangu, vyombo vyako." Usimwambie akiwa na tonge mkononi, wala mbele ya ndugu zake. Kama ni mtu kama ulivyomweleza, atanung'unika wiki moja, halafu utamsikia anawafundisha wengine namna ya kupanga sahani.

Sasa Zanzibar. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu watu 22 waliojizolea fedha kwenye bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Waliwalinganisha na watu 22 wa kawaida. Kwa furaha ya jumla washindi hawakuwapita wenzao kwa kiasi cha kujivunia. Ila walipoulizwa kuhusu vitu vidogo vidogo, kula kifungua kinywa, kupiga soga na rafiki, kusikia kichekesho, washindi ndio waliovifurahia kidogo kuliko wengine. Watu 22 si umati, siwezi kuapa juu yao, lakini mantiki yake naijua kutoka mtaani: ukishaonja kitu kikubwa, kidogo kinapungua sukari. Siku tano za ufukweni Nungwi zitakuwa nzuri, sina ubishi. Siku ya sita utarudi kwenye sare tatu na vyombo vya usiku, na kikoba kimekwisha. Ukitaka kwenda kwa sababu unataka kuiona bahari, nenda. Ukienda ili urudi unaipenda Jumatatu, utakuwa umelipa nauli ya bure. (Na Desemba, mwanangu? Wakati kila mtu anapanda kwao migombani kwa Krismasi, wewe ushuke baharini? Mama mkwe mwandalie majibu kwanza.)

Umeuliza kama kuna namna ya kuyafurahia haya haya. Ipo, lakini ni ya kazi moja kwa wakati mmoja, usidanganywe na wanaokuambia ufurahie zote. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti mwingine wa huko huko Marekani, chuo kimoja cha Florida, wa wanafunzi 51 na kuosha vyombo. Kundi moja lilisomeshwa kwanza maelezo mafupi ya kuosha huku akili yote iko kwenye vyombo: harufu ya sabuni, umoto wa maji, sahani inavyokaa mkononi. Kundi la pili likasomeshwa maelezo ya kawaida ya namna ya kuosha. Waliokuwa kundi la kwanza wasiwasi wao ulishuka kwa asilimia 27. Wa pili hawakubadilika. Sidhani kama kwenye sinki lile kulikuwa na sufuria la ugali lenye ukoko wa jana, lakini neno lao nimelichukua. Wewe ukibandika uji akili iko kwenye pasi; ukipiga pasi iko kwenye daladala; ukiwa kwenye daladala iko kaunta, na ukiwa kaunta unawaza mboga ya jioni. Siku nzima mwili uko nyuma kituo kimoja. Unakimbilia zikwishe upumzike, na kazi za nyumba hazijawahi kukwisha tangu dunia iumbwe. Ukimaliza kufua, nguo uliyovaa imeshachafuka.

Kwa hiyo chagua moja. Nakuchagulia mtori, kwa sababu ulisema uliupenda na hukulazimishwa kusema. Umekuchosha kwa sababu unaupika saa moja usiku baada ya kutwa nzima ya kusimama. Saa hiyo hata mimi ningeuchukia. Uhamishie Jumapili, baada ya ibada, simu ikiwa chumbani. Paka mafuta viganjani kabla ya kumenya, utomvu usikugande. Kata vichwa vya ndizi, pasua ganda kwa ncha ya kisu, livue, idumbukize ndizi kwenye maji isiwe nyeusi. Sikiliza inavyodumbukia. Nyama na mifupa iwe inachemka tayari, hatua hiyo haina haraka na wala haina cha kufanya ila kukaa kwenye kigoda. Ndizi zikiiva mwite mtoto wa kati aponde kwa mwiko, atachoka kabla hazijalainika, ampe mdogo, mdogo amwage, baba yao apokee mwiko. Mtori wa hivyo utakuwa na mabonge. Uleni na mabonge yake.

Ya kaunta sina mengi. Mtu akija kununua misumari kilo mbili na bati, muulize anajenga nini. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanasubiri kuulizwa.

Kuhusu mlima. Unauonea, mwanangu, nao unajificha. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi alfajiri, kabla jua halijapasha miteremko. Jua likipanda, unyevu wa msituni unapaa na kuwa mawingu, na unapokaribia mchana mlima umeshajifunika, mara nyingi mpaka jioni. Wewe ukiwa huru kutoka kaunta, mlima umefunikwa. Ukiwa wazi, wewe umeinamia pasi na kichwa kiko ndani. Mita 5,895 za mlima, watu wanavuka bahari kuja kuzitazama, na wewe umezikosa kwa ajili ya kola ya shati! Pasi ikishahamia jioni, utakuwa na dakika kumi saa 12 na nusu asubuhi. Chukua kikombe chako cha uji, si cha mtoto, chako, toka nje. Ukiukuta umefunguka, mwite mdogo umwonyeshe. Ukiukuta umefunga, kunywa uji wako. Wakati wa masika utafunga siku nyingi mfululizo na hilo si kosa la mtu.

Neno moja la mkazo. Umesema unakula, unalala, hulii, ndiyo maana nimekujibu kama shangazi. Ila ikifika usingizi unakukimbia, chakula hakipiti, hata mtori huo wa Jumapili na kicheko cha mdogo havikugusi kwa wiki mbili na zaidi, au ukaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, hapo acha safu hii uende hospitali. Siku hiyo hiyo ikiwa ni hilo la mwisho. Mawenzi ipo, KCMC ipo. Sema unataka kumwona mtu wa afya ya akili, useme hivyo hivyo bila kuzunguka na kichwa wala tumbo. Hakuna anayecheka pale, na wala si kushindwa kusali.

Anza na pasi, kabla ya mtori, kabla ya mazungumzo na mumeo. Jumapili hii hii. Kijana atakuambia ana kazi za shule. Mwambie sare nazo ni za shule. Shati la kwanza ataliunguza kola. Mwache alivae.

Shangazi yako