Dola Tano za Mzee Hazikuhesabiwa

Juzi kijana mmoja wa Lewiston, mji wa jimbo la Maine hapa Marekani, kaniandikia: "Kaka, ulikuwa diwani, ukagombea ubunge wa jimbo, ukaanguka. Nami nataka kugombea. Nianzie wapi?" Hilo "ukaanguka" lilinichoma, lakini swali lake ni la haki.

Udiwani niliupata kirahisi, sifichi. Mji wetu hapa Maine ni mdogo na mimi ni mtu wa salamu. Habari za mashimo ya barabarani na vikao vya usiku wa manane naziruka. Nilikuwa nikimtazama Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia: 2018 kaingia baraza la mji wa South Portland, 2021 kawa meya, 2022 kachaguliwa kwenda bunge la jimbo, kule makao makuu Augusta, yeye na Mana Abdi wa Lewiston. Nikajiambia njia imeshafyekwa, kilichobaki ni kupita.

Maine kuna mfuko wa umma wa kampeni. Wananchi wenyewe waliupigia kura 1996. Ili uupate, mgombea wa Baraza la Wawakilishi la jimbo huhitaji wapiga kura 60 wa eneo lake, kila mmoja atoe angalau dola 5. Sitini tu! Nilicheka. Kwenye harusi moja ya Jumamosi nilikusanya 74. Mzee mmoja ambaye kwetu ni kama baba alivua kofia, akachomoa noti iliyokunjwa mara nne: "Mwanangu, nenda ukatusemee."

Jumatatu tukalinganisha majina na daftari la wapiga kura. Yakabaki 23. Huyu hajajiandikisha, yule uraia bado, na mzee wangu anakaa upande wa pili wa barabara, na mpaka wa eneo unapita katikati ya barabara hiyohiyo. Kumrudishia noti ile kulinishinda; nilimtuma mke wangu.

Sitini nilizipata hatimaye, nyumba kwa nyumba, Machi, theluji imegeuka tope. Mzungu mmoja mstaafu mwenye mbwa akaniuliza, "Kodi ya nyumba yangu mtaipunguza?" Mimi nikamweleza habari za wakalimani hospitalini. Akafunga mlango polepole, kwa adabu.

Mchujo wa Juni, kura ya kumpata mgombea wa chama, nilishindwa kwa kura 38. Waliokula pilau kwangu siku nilipoapishwa udiwani ni zaidi ya hao. Na ndugu mmoja, kiongozi wa jumuiya yetu, alisimika bango la mpinzani wangu uani kwake. Bado nalipita kila siku kichwani.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Daftari kwanza. Kabla ya fulana, kabla ya picha za mtandaoni, daftari. Vijana mnapenda kushangiliwa ukumbini, na ukumbi haupigi kura. Ukishalisoma daftari, lisome tena. Na mtu akikuuliza kodi, mjibu kodi.

Saini za kukupendekeza zinaanza kukusanywa Januari 1, muhula ni miaka miwili tu. Mimi buti nimeshanunua. Yule mstaafu nimemjua jina, mbwa wake pia, na mwezi uliopita alinikaribisha ndani akanionyesha bili.