Maswali na Majibu: Jiko la pipa na mkaa unaogoma katikati

Swali: Habari za kazi, wahariri. Fundi amenitengenezea jiko la kuchomea nyama kwa pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Limekuja vipande: miguu minne, wavu, kifuniko, bawaba na boliti. Nimeliunga mwenyewe. Linayumba, kifuniko hakikai sawa, na mkaa unawaka pembeni tu. Katikati unazima hata nikiongeza. *Msomaji, Buswelu, Mwanza*

Jibu: Kuyumba na kifuniko kukaa upande kwa kawaida huzaliwa na kosa moja: mguu wa kwanza umekazwa hadi mwisho kabla wa nne haujafungwa. Legeza boliti zote. Simamisha jiko kwenye sakafu iliyo sawa (kwa milima yetu ya mawe, mara nyingi hiyo ni baraza, basi lirudishe uani kabla ya kuwasha), likandamize kwa mikono miwili, kisha kaza kwa kukingamisha: mguu wa mbele kulia, wa nyuma kushoto, ndipo iliyobaki. Upande wa nati weka washa ya springi (pete ya chuma inayoizuia isilegee). Baada ya moto wa pili, jiko likishapoa, kaza tena, maana joto hulegeza nati.

Bawaba zifuate miguu, zisiitangulie. Acha upenyo wa milimita 2 au 3 kati ya kifuniko na pipa. Chuma hutanuka kikipata moto, na kifuniko kilichobana kikiwa baridi kitagoma kufunguka nyama ikiwa ndani.

Sasa mkaa. Umetaja wavu mmoja, na ugonjwa uko hapo. Jiko hili linataka nyavu mbili, wa nyama na wa mkaa. Bila wa pili, mkaa unalala kwenye tumbo la pipa, majivu yanateremkia katikati na kuziba hewa. Ukiongeza mkaa unazidi kuufukia moto. Rudi kwa fundi akuchomelee wavu wa nondo za milimita 10, upana sentimita 40, nafasi ya sentimita 2 kati ya nondo na nondo, uketi sentimita 9 hivi juu ya sakafu ya pipa. Chini ya usawa huo, upande mmoja wa pipa, atoboe matundu matano ya sentimita 2.5 yenye kibati cha kufungia. Bomba la moshi likae kwenye kifuniko, upande wa pili, ili hewa ilazimike kupita kwenye mkaa wote. Asitumie bomba wala wavu uliopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu.

Kwa ambao bado hawajakata pipa: ulizeni lilibeba nini. La dawa za mashamba msilitumie kabisa. Lililobeba mafuta lijazwe maji kabla ya grenda kuligusa, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Rangi ya ndani iunguzwe kwa moto mkali wa kuni saa nzima bila chakula, ikwanguliwe, kisha chuma kipakwe mafuta ya kula.

Swali: Sato wangu wananata kwenye wavu, na kuku anababuka nje huku ndani ana damu. Alasiri ndiyo balaa zaidi, moto haushikiki. *Msomaji, Nyegezi*

Jibu: Tuanze na alasiri. Mchana upepo hutoka ziwani, na matundu ya hewa yakiutazama, jiko linageuka tanuri la mhunzi. Ligeuze matundu yasiutazame upepo, funga matatu kati ya matano.

Mkaa uweke upande mmoja tu: nusu debe inatosha tabaka la vidole vitatu. Kuku wa kisasa mpasue mgongo, mlaze upande usio na mkaa, funika kwa dakika 45 hadi 50, kisha mhamishie juu ya makaa dakika chache ngozi ikauke. Mchome kwa kisu kwenye paja. Maji yakitoka mekundu, bado. Sukari au asali kwenye viungo ipakwe mwishoni, ndiyo inayobabuka. Wa kienyeji mchemshe kwanza, hapo hatubishani na mama zetu.

Sato wa nusu kilo mkate mistari mitatu kila ubavu, mtie chumvi, mkaushe kwa kitambaa, mpake mafuta. Samaki aliyelowa hunata, na wavu uliopoa hunatisha zaidi. Pasha wavu dakika kumi kwanza. Kiganja kilichoinuliwa juu yake bila kuugusa kikivumilia sekunde tatu tu, mlaze. Usimguse dakika nane, kisha nyanyua mkia: akigoma, mwachie mbili nyingine, ataachia mwenyewe. Mgeuze mara moja tu. Minofu ya sangara ina mafuta yanayodondoka na kulipua ndimi za moto. Isogeze pembeni na funga kifuniko. Ukimwagia maji, majivu yote yatarukia kitoweo.

Swali: Mvua ikitukuta, tunaweza kuingiza jiko sebuleni au stoo? *Msomaji, Kirumba*

Jibu: Hapana, hata mkaa ukionekana umekufa. Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Funga kifuniko, matundu na bomba, liache nje. Asubuhi zoa majivu kwenye ndoo ya bati, kwani majivu yaliyolowa mvua hula chuma na pipa litatoboka chini.