Tukiimba nje sauti zatupotea, tufanyeje?

SWALI: Mama shikamoo. Sisi ni wasichana watano wa Kisauni, twaimba sauti tupu, hakuna vyombo hakuna biti, wawili sauti ya kwanza, wawili ya pili na mmoja ya chini. Ukumbini harusini twapendeza wallahi, watu mpaka walia. Lakini mwezi uliopita tuliitwa kwenye tamasha la sanaa, uwanja wa wazi karibu na bahari, ikawa aibu. Upepo, tuktuk, watoto, hakuna aliyemskia mwenziwe, tukaanza kupiga makelele na kufika wimbo wa pili yule wa chini yuko kwake na sisi tuko kwetu. Fundi mitambo akatwambia hamjui kuimba. Sasa tumeitwa tena kwengine, nje vilevile, saa kumi jioni, na wenzangu wawili wasema tutafute kinanda tufunikie makosa. Tufanyeje?
Sauti ya Pili, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinanda msitafute, tafadhali sana. Mmeitwa kwa sababu ya hizo sauti zenu na mkizifunika mtakuwa kama vikundi vengine mia. Na hilo la kwamba hamjui kuimba litoe moyoni leo hii, maana mtu asiyejua kuimba haimbi vizuri ukumbini pia. Nyinyi mlikuwa hamskizani, basi, na hilo lina dawa.

Ukumbini ukuta wakurudishia sauti, dari yakurudishia, ndo maana watano mwajiskia kama kumi. Nje hakuna cha kurudisha, sauti yatoka yaenda zake, na kila umbali ukizidi mara mbili nguvu yake yapungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Halafu hiyo saa kumi ardhi bado ina moto, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, na sauti ikipita hapo yapinda kwenda juu, kwa hivo aliyekaa mbali apata vipande vipande tu. Na mkiimba kuuelekea upepo ni hivohivo. Waulizeni waandaaji jukwaa limeelekea wapi, na kama ratiba yaruhusu ombeni mwisho mwisho, jua likishazama hewa ya chini yapoa na sauti yatembea vizuri zaidi.

Sasa jukwaani. Najua mlisimama mstari mmoja kama picha ya harusi, nyuso zote kwa watu, kila mtu na maiki yake, kwa sababu kila kikundi kichanga nachokiona chafanya hivo na mimi enzi zangu nilifanya hivohivo! Simameni nusu duara, mabega yakaribiane mpaka kanga zigusane, na yule wa sauti ya chini mtieni katikati, sio pembeni. Yeye ndo sakafu yenu, nyote mwasimama juu yake, sasa mkimuweka mwisho wa mstari yule wa upande wa pili atamskia vipi? Muwe mwaonana midomo pia, maana irabu ndo zinazofunga sauti zenu pamoja. Kiswahili kimetupa tano tu, a e i o u, safi kabisa, lakini mmoja akiifungua "a" kama yuko kwa daktari wa meno na mwenziwe ameibana, hata noti ikiwa moja itaskika kama mwagombana. Chukueni neno moja, "bahari" kwa mfano, muimbe polepole mukitazamana midomo mpaka "a" zote mbili ziwe na umbo moja kwa watu watano, mkifanya hivo dakika kumi kila siku mtaona wenyewe.

Kuhusu fundi, mfikieni mapema, kwa heshima, na mumwambie mambo haya. Mwataka monita, yaani spika ndogo inayowaelekea nyinyi, hata ikiwa moja. Maiki zote ziwe sawa, asimpandishe mwimbishaji akawameza wengine. Eko, yaani ule mwangwi wa mitambo, apunguze, mafundi wetu wapenda eko sana na kwa mtu anayeimba na kinanda si neno, lakini sauti tano zikitiwa eko nyingi zageuka uji. Na maiki zivalishwe sponji, upepo ukipiga kichwa cha maiki bila sponji ni vuuu vuuu mpaka mwisho. Nyinyi kwa upande wenu msiikumbatie maiki kwa kiganja, yapiga mluzi, shikeni mpini, mdomo ukae vidole vitatu au vinne kutoka kichwani na mbaki hapohapo. Siku ya kujaribu mitambo imbeni wimbo wenu mpole kuliko yote, sio ule wa kelele, kama mwaskizana kwenye ule mpole mwengine wote utakaa.

Noti ya kuanzia msikisie. Mtu akiwa na hofu na furaha pamoja huanza juu kuliko kawaida yake, na nje ndo zaidi. Simu ina programu za noti, mmoja aipige sikioni, awavumie wenziwe polepole, ndo muanze. Mkishuka katikati ya wimbo shukeni pamoja, watu hawatojua, wanachokiskia ni yule mmoja anayejaribu kuwapandisha peke yake.

Mazoezi nayo yatoke chumbani. Nendeni ufuoni Pirates asubuhi kabla watu hawajajaa, muimbe na upepo huohuo wa bahari, mmoja aende hatua thelathini awaskize, halafu mbadilishane. Kisha muimbe mkiwa mumepeana migongo. Mkiweza hapo jukwaa haliwashindi.

Na kuna jambo napenda mulifikirie kwa moyo wote. Bibi zetu hapa Mombasa waliimba nje, bila spika hata moja. Vugo la harusi lilipita mitaani usiku, pembe za nyati zagongwa kwa vijiti, mama mmoja atoa mstari, wote wapokea, mstari mfupi, unarudi na unarudi, na aliyeko nyuma kabisa akiukosa mara ya kwanza aupata ya tatu. Zile nyimbo zilishonwa kwa ajili ya nje! Nyimbo zenu za ukumbini naona zina sauti ndefu laini zilizojaa mapambo, nje zile zapeperuka. Tengenezeni hata mbili za kutoa na kupokea, muanze na moja ya hizo, masikio ya watu yakishawakalia ndo muwape zile laini. Mkiwa na bibi nyumbani anayekumbuka vugo au lelemama, ile ngoma ya kina mama, mwekeni kitako awafundishe, mumrekodi kwa simu akikubali.

SWALI: Nafundisha kwaya ya wasichana. Nataka wasikie makundi ya kina mama ya nje ya kwetu, niwape yepi?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Mwalimu, anza na Sweet Honey in the Rock wa Marekani, walianza mwaka 1973 pale Washington chini ya Bernice Johnson Reagon, wanawake weusi wanaoimba sauti tupu na vyombo vidogo vya mkononi, na wana mkalimani wa lugha ya ishara jukwaani pamoja nao, jambo ambalo natamani nilione hapa kwetu. Zap Mama wa Ubelgiji, kundi la Marie Daulne aliyezaliwa Kongo, albamu yao ya kwanza ilitoka 1991, hao wafaa kwa wasichana wanaopenda kucheza na midundo ya mdomo. Mahotella Queens wa Afrika Kusini, tangu 1964, wao wana magitaa lakini skiza vile sauti za wale kina mama zinavyokwenda sako kwa bako. Wape kundi moja kwa wiki, wasiige, kila msichana afuate sauti moja tu toka mwanzo mpaka mwisho kisha akuimbie.

Na wewe Sauti ya Pili, niandikie siku na saa mnayopanda. Nitakuja na mamangu, yeye ndo alonifundisha kupokea.