Utando wa seli si chujio la chai: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu ORS

Dada, pole na mgonjwa. Umesema mwanao wa Kidato cha Pili kafundishwa kwamba utando wa seli, yaani ile ngozi nyembamba inayoizunguka, ni kama chujio la chai, vidogo vinapita na vikubwa vinabaki. Juzi mdogo wake akaharisha, nesi akawapa pakiti za ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, na yeye akakubana: kama kilichopotea ni maji, na maji ni madogo, si anywe maji tu? Sukari na chumvi za nini? Walionitangulia wamejibu "za kumpa nguvu" wakaishia hapo.

Dogo kashika penyewe. Kwa chujio la chai, swali lake halijibiki.

Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali, mwaka wa kumi na nne huu, na utando wa seli niliujua kwa aibu. Nilikuwa mazoezini kwenye hospitali moja ya wilaya, nimetumwa kuosha seli nyekundu ili tulinganishe damu ya mchangiaji na ya mgonjwa. Kazi yenyewe ni ndogo: unaweka tone la damu kwenye kijaribio, unajaza maji ya chumvi, unazungusha kwenye mashine, unamwaga ya juu, unarudia. Seli zinabaki chini kama kitufe chekundu na maji ya juu yanakuwa meupe. Siku hiyo nilichukua chupa ya jirani, ya maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Nilipotoa vijaribio kwenye mashine, sikuona kitufe. Kijaribio kizima kilikuwa chekundu cha kung'aa, unaona vidole vyako upande wa pili, kama juisi ya choya iliyochujwa vizuri. Mzee wa maabara akakiinua kwenye dirisha, akaniangalia, akasema, "Kijana, umezipasua zote." Ikabidi niende kuomba damu nyingine wodini, na mnajua manesi wa wodini.

Ndani ya seli nyekundu kuna chumvichumvi na protini, nje niliweka maji matupu. Maji huelekea kule vilikoyeyuka vitu vingi zaidi; ndiyo osmosisi hiyo. Yakaingia mpaka ngozi ikashindwa. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi ina gramu 9 za chumvi kwa lita, nje na ndani vilingane. Ningezidisha chumvi, zingenywea na kukunjamana. Jikoni unaliona hilo kila siku: kitunguu cha kachumbari ukikitia chumvi, baada ya muda kinaelea kwenye maji yake mwenyewe na kimelegea. Na kipande cha kiazi kwenye maji matupu kinakakamaa lakini hakipasuki, kwa sababu seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando. Seli ya mnyama haina ukuta. Ina utando peke yake.

Sasa huo utando. Seli nyekundu ina upana wa mikromita 7 au 8, na utando wake ni kama sehemu moja ya elfu ya hapo. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta yote ya seli nyekundu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya ngozi ya seli zenyewe. Wakasema, basi utando ni tabaka mbili za mafuta zimelaliana. (Vipimo vyao vilikuwa na makosa mawili, bahati yakafutana, jibu likatoka sahihi. Maabara ina mambo yake.) Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa vinatazama nje na ndani ya seli, mikia imejificha katikati.

Kwa hiyo ili kitu kipite, lazima kivuke mafuta. Mfanyie dogo jaribio hili: mafuta ya kupikia kwenye vikombe viwili vya glasi. Kimoja tia chumvi, kingine bizari ya manjano, koroga. Chumvi itazama chini na kukaa hivyohivyo hata ukoroge mpaka kesho. Bizari itayageuza mafuta yote rangi. Kinachokubaliana na mafuta kinapita kwenye utando, kisichokubaliana kinakwama, na ukubwa ni jambo la baadaye. Angalia uzito wa molekuli: homoni ya estradioli ni 272, inapenya utando bila kubisha hodi. Glukosi, ile sukari ya ORS, ni 180, inakwama. Sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, ni 23 tu, nyepesi kuliko hewa ya oksijeni yenye 32, lakini oksijeni inapita na sodiamu inagonga ukuta, kwa sababu sodiamu ina chaji na inatembea na molekuli za maji zimeing'ang'ania. Chujio gani la chai linapitisha majani likazuia maji?

Vinavyokwama vinategemea milango, yaani protini zilizotoboa utando. Kila mlango una mteja wake. Hata maji, ambayo hujipenyeza kidogokidogo yenyewe, yana mlango wao, na uligunduliwa kwenye hizihizi seli nyekundu nilizozipasua. Peter Agre alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Viungo vingine vya seli, kiini, ribosomu, na kadhalika, kwenye daftari lake vipo, sivirudii. Ila mitokondria aikumbuke, maana ndiyo inayotengeneza ATP, nishati ya seli, na ATP ndiyo inayoendesha pampu iliyopo kwenye utando.

Pampu yenyewe ni hii: inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, usiku na mchana. Mdenmaki Jens Skou aliieleza mwaka 1957. Kwa sababu yake, sodiamu ndani ya seli huwa kidogo na nje tele, hivyo muda wote inatamani kuingia. Seli za utumbo mwembamba zinautumia huo uroho. Zina mlango ambao haupitishi glukosi peke yake wala sodiamu peke yake. Lazima sodiamu mbili ziongozane na glukosi moja, ndipo mlango ugeuke na kuwatua wote ndani. Robert Crane alilitoa wazo hilo mwaka 1960. Vikishaingia hivyo, maji yanavifuata, palepale kwa kanuni iliyopasua seli zangu.

Haya, mrudie mgonjwa. Chukua kipindupindu, maana ndicho kinaonyesha vizuri. Sumu ya kile kijidudu inaacha wazi milango ya kloridi, mwenzake sodiamu kwenye chumvi, kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inafuata, maji yanafuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini ule mlango wa sukari na chumvi sumu haiugusi, unafanya kazi kama kawaida. Ukimpa maji matupu, mengi yanapita na kutoka, na yanayoingia yanazimua chumvi ya damu. Ukimpa chumvi peke yake, mlango haugeuki. Ukimpa vyote kwa kiasi chake, anarudishiwa maji kwa mdomo bila sindano. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis alizidiwa na wagonjwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zikaisha, akawapa ndugu wa wagonjwa ndoo za mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya 4.

Neno "kiasi chake" halina mchezo. Sukari ikizidi, inabaki utumboni na kuyavuta maji kutoka mwilini, kuhara kunaongezeka. Soda na juisi za pakiti zinafanya hivyohivyo, kwa hiyo dada, ile soda uliyosema bibi yake anamnywesha, iondoe. Hata pakiti za zamani zilikuwa kali kuliko inavyofaa, fomula ikapunguzwa mwaka 2002: sasa lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi, pamoja na potasiamu na sitreti. Soma pakiti yako ni ya lita moja au nusu lita, tumia maji safi, usikadirie kwa jagi, na baada ya saa 24 mwaga utengeneze mpya. Ikitokea hakuna pakiti kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Macho yakididimia, au akatapika kila anachokunywa, au akalegea, usisubiri jibu la mtu hapa, mpeleke.

Na dogo akimaliza na vile vikombe, bizari aitoe kwa sabuni. Akikuuliza kwa nini sabuni inaweza na maji hayawezi, mwambie atazame tena ile molekuli yenye kichwa na mikia.